Henga za Ozelia

Jumapili ile ya katikati ya Januari mwaka 1967, Marekani nzima iliruhusiwa kutazama bure katika runinga mpambano wa kwanza wa futiboli ya Kimarekani kati ya mabingwa wa ligi mbili zilizokuwa zikichukiana kwa miaka saba. Mkulima wa viazi kule Maine aliruhusiwa. Mchimba madini wa Montana aliruhusiwa. Tuliokatazwa ni sisi wa Los Angeles, ambako mpambano wenyewe ulichezwa. Na zaidi ya wote sisi wa mitaa iliyo nyuma ya barabara ya Menlo, ambao kipenga cha refa wa uwanja wa Coliseum hutufikia jikoni. Wenye ligi walieleza kwa upole kwamba runinga ya hapa ikionyesha mchezo, wenyeji hawatanunua tiketi. Tiketi nzuri ilikuwa dola kumi na mbili, kwa hiyo wenyeji hawakununua tiketi hata hivyo. Busara ya wakubwa haichunguziki.

Aliyelivalia njuga jambo hili mtaani kwetu ni Hosea Larkin, mfanyakazi wa kiwanda cha matairi. Ijumaa ya wiki iliyotangulia alisimama kwa kinyozi, taulo likiwa shingoni na nusu ya kichwa ikiwa imenyolewa, akaapa mbele ya watu tisa kwamba hatawapa wanyonyaji wale hata senti moja, na kwamba yeyote atakayemwona akipita lango la Coliseum siku hiyo ana ruhusa ya kumtemea mate. Watu walimpigia makofi. Kinyozi alimwomba aketi, ili upande wa pili wa kichwa nao upate haki yake.

Jambo ambalo Hosea hakulitaja kwa kinyozi ni kwamba mwanawe wa pekee angekuwa ndani ya uwanja huo.

Barua ya Leander ilikuwa imefika Jumatano, siku mbili kabla ya kiapo. Aliandika kutoka chuoni kwake Louisiana kwamba bendi yao imealikwa kupiga wakati wa mapumziko ya mchezo. Wangeletwa kwa ndege, wangelala hotelini mjini, na wangerudishwa Jumapili hiyo hiyo jioni. Mwalimu wao alikuwa amewaonya kwamba hakuna atakayetoka kundini hata kama mama yake anakaa ng'ambo ya barabara. Na aliposema hivyo alimtazama yeye. Tiketi za wazazi hazikuwapo. "Lakini usijali, Mama," aliandika. "Siku hizi wamenipa tuba, ala ya kupuliza kubwa kupita zote, kwa ajili ya hiki kifua changu. Nikiipuliza, madirisha yanatetemeka. Nitaipuliza kwa nguvu zangu zote, labda mtanisikia hapo nyumbani."

Ozelia, mama yake, aliisoma barua mara mbili, akaiweka nyuma ya kopo la sukari, mahali ambapo mumewe hunyoosha mkono kila asubuhi. Hosea alichota sukari, akarudisha kopo mahali pake, barua asiiguse. Ilikuwa miaka miwili na miezi minne tangu Leander alipoikataa nafasi ambayo baba yake alimwombea kiwandani kwa magoti, akaondoka na tarumbeta ya kuazima kwenda kusomea muziki. Tangu hapo Hosea aliuliza neno moja kila barua ilipofika, kama mtoto ni mzima, na Ozelia alijibu kwamba ni mzima. Hiyo ndiyo iliyokuwa habari yote kati ya baba na mwana. Safari hii tu Ozelia aliongeza kwamba anakuja Coliseum kupiga na bendi.

Jioni ya siku ile ya kiapo, Ozelia alimwambia kwamba dola kumi na mbili si nyingi kwa mzazi ambaye hajamwona mtoto wake kwa zaidi ya miaka miwili. Hosea alijibu kwamba mwanamume akishaapa mbele ya watu ameshaapa.

"Barua ilifika Jumatano," Ozelia alisema. "Wewe umeapa Ijumaa."

Hosea alilichukua gazeti na kulifungua usoni. Na ndani ya gazeti hilo, kwa bahati ambayo Mungu huwapa watu wakaidi, alikuta maelekezo, yenye picha, ya kutengeneza antena kwa mpini wa fagio na henga za waya za kutundikia nguo. Ukiielekeza San Diego, ambako marufuku haikufika, ungeona mchezo wote bila kuwalipa wanyonyaji.

"Utamwona hapa hapa," alimwambia mkewe, "kwenye kiti chako mwenyewe, miguu ikiwa juu ya stuli. Wenye tiketi watakuonea wivu."

*

Henga zilizohitajika zilikuwa ishirini na mbili. Ozelia alikuwa akipiga pasi nguo za watu wa upande wa pili wa mji, na henga ndizo zilizokuwa ofisi yake. Zote zilikwenda juu ya paa. Kwa siku nane, nguo za nyumba ile zililala kitandani kama wageni waliokosa nauli ya kurudi kwao, na mashati ya wateja yalikaa viti vya mezani huku wenye nyumba wakila wima.

Jumamosi Ozelia alipiga simu hotelini. Alijieleza kwa adabu kwamba anamtafuta kijana wa bendi, Leander Larkin. Msichana wa mapokezi, aliyeisikia lafudhi ya mwanamke mweusi, alimwacha amalize, kisha akamweleza, kwa adabu vilevile, kwamba kazi za usafi zinaulizwa Jumatatu, kwa mlango wa nyuma. Ozelia alimshukuru. Alipokata simu alibaki ameishika, akijiuliza ni kwa nini amemshukuru.

Alikuwa na njia nyingine ambayo hakumwambia mtu. Siku za mchezo, sisi wa mitaa hii hugeuza ua kuwa maegesho, na ua wa Larkin uliingiza magari sita, dola moja na nusu kila gari. Magari manne tu yangempatia tiketi ya dola sita, ile ya juu kabisa, ambako mchezaji huonekana kama mchwa. Mama humtambua mwanawe hata akiwa mchwa.

Lakini Jumapili, walipotoka kanisani, Hosea alisimamisha mlingoti wa antena juu ya paa na kuufunga kwa kamba nne, na ncha za kamba hizo akazipigilia kwa vigingi katika pembe nne za ua. Hata baiskeli isingepita. Madereva wawili walisimama nje na kuuliza nafasi. Wa pili alikuwa mzee mweupe mwenye sigara kubwa, aliyezitazama kamba kwa heshima, kama mtu aliyefika penye sarakasi.

"Leo hapana, bwana," Ozelia alimwambia. "Leo tumeanika antena."

*

Hosea alikuwa amewaalika mashahidi wote wa kiapo, nao walikuja na wake zao. Dada Wilhelmina, jirani ambaye ulimi wake haujapata kushiba hata penye harusi, alikikalia kiti ambacho Ozelia aliahidiwa, akaweka miguu juu ya stuli. Shemasi Pruitt alipanda juu ya paa kuigeuza antena, kwa sababu ndiye aliyekuwa mwepesi kupita wote na ndiye aliyekuwa na bima. Walikula kuku wa kukaanga, kunde na mkate wa mahindi, wakaikodolea macho runinga, nayo ikawaonyesha chenga, zile punje nyeupe za runinga isiyoshika picha.

Zilikuwa chenga za kila namna. Hosea alipoamuru antena ielekee kushoto, chenga zilishuka. Ilipoelekea kulia, zilipanda. Kuna wakati waliipata sauti ya mchezo pamoja na picha ya mwanamke anayesifu sabuni. Waliporekebisha picha, sauti ikahamia kwa mhubiri. Kelele za uwanja wenyewe ziliingia dirishani, wazi na safi, kila mara timu ilipofunga. Nao wageni walikuwa wakitazamana na kukisia kama aliyefunga ni Green Bay wa ligi ya wakubwa au Kansas City wa ile ligi changa. Dada Wilhelmina aliuliza, kwa unyenyekevu mkubwa, kama yule anayekimbia ni mchezaji au ni mama yuleyule wa sabuni.

"Vumilia, Dada," Hosea alisema, jasho likimtoka. "San Diego ni mbali."

"Coliseum ni karibu," alijibu Dada Wilhelmina, akachukua paja jingine la kuku.

Mapumziko yalipokaribia, Ozelia alikwenda kitandani, akalichambua lile lundo na kulivaa gauni lake la kanisani, ambalo asubuhi alikuwa amelipiga pasi na mchana likarudishwa chini ya makoti ya wageni. Yeye ambaye mashati yake yalikwenda benki na mahakamani yakiwa yamenyooka kama karatasi, alitoka chumbani na makunyanzi mgongoni. Alichukua pai ya viazi vitamu aliyokuwa ameificha, akaifunga kwa kitambaa.

Hosea alimuuliza anakwenda wapi wakati bendi iko karibu kuingia.

"Naenda kumwona mwanangu."

"Utamwona hapa. Nimekwambia."

"Hapa nimeona sabuni," Ozelia alisema, akatoka.

*

Kwenye dirisha la tiketi hapakuwa na msururu. Kulikuwa na kijana mmoja aliyekuwa akijikata kucha. Ozelia alimwomba radhi kwa kumsumbua, akamweleza kwamba hahitaji kuuona mchezo, anahitaji kuona bendi tu, robo saa, kisha atoke. Kijana alimjibu kwamba tiketi za bei ya chini hauzi tena, zimebaki za kumi na mbili.

"Mchezo umeshafika nusu," Ozelia alisema.

"Bei haijafika nusu, mama."

Kutoka pale aliposimama, kupitia katikati ya nguzo, aliuona upande mzima wa uwanja ukiwa mtupu. Mistari kwa mistari ya viti ilikuwa ikiota jua. Inasemekana vilikuwa zaidi ya elfu thelathini.

"Na vile viti kule ni vya nani?"

Kijana aligeuka na kuvitazama, kana kwamba ndiyo kwanza anavigundua. "Vile? Ni vya dola kumi na mbili."

Ozelia alishika njia. Lakini mtu aliyeishi miaka kumi na mitano nyuma ya uwanja ana elimu ambayo haiuzwi dirishani. Anajua kwamba magari ya wachezaji, ya bendi na ya takataka huingilia upande wa Menlo, kwenye ule mteremko unaotumbukia katika handaki la uwanja, na kwamba kila kinachoingia uwanjani lazima kipange mstari hapo kwanza. Alizunguka ukuta kwa miguu, pai mkononi, akafika akihema.

Walikuwapo. Vijana weusi zaidi ya mia, wenye kofia ndefu na vifungo vinavyong'aa, walikuwa wamesimama kimya katika mistari, na mwalimu wao, mtu mfupi mwenye glavu nyeupe, alikuwa akiwakagua viatu. Pembeni mwa mdomo wa handaki palikuwa na matenga yaliyojaa njiwa wa maonyesho. Polisi mmoja alikuwa amevuta kamba kuwazuia watu, ingawa watu wenyewe walikuwa Ozelia na mbwa. Alipita kwa macho mstari wa matarumbeta, mstari wa tromboni, ngoma, na mwisho kabisa akafika kwenye matuba, makubwa, yaliyowazunguka wenyewe miili kama chatu wa dhahabu. Wa nne alikuwa na mabega ambayo yeye mwenyewe aliyapaka mafuta yakiwa machanga.

Alikuwa ameongezeka. Shingo ilikuwa imenenepa, na kidevuni palikuwa na kitu kilichotaka kuitwa ndevu. Ozelia alikuwa amejiapiza njiani kwamba hataita jina, asije akamwaibisha mtoto mbele ya wenzake. Akalibana gauni lake kwa mkono mmoja ili makunyanzi yasionekane. Leander alikuwa akitazama mbele kama walivyofundishwa. Shingo haikugeuka. Macho tu ndiyo yaliyosogea, yakamkuta, yakabaki pale, kisha yakarudi mbele haraka, yakiwa yamelowa.

Ngoma zilianza. Mistari ikanyanyua magoti, ikateremka handakini mmoja baada ya mwingine. Matuba yalipofika mdomoni mwa handaki, kabla ya wimbo kuanza, ilitoka sauti moja ambayo haikuwamo katika muziki wowote, nzito na ndefu, ikagonga kuta za handaki na kurudi nje imekua mara tatu. Njiwa walipapatika matengani. Mwalimu aligeuka kama aliyechomwa sindano, akakuta matuba kumi yakitazama mbele kwa utakatifu.

"Ni nani huyo?" polisi aliuliza, akicheka.

"Ni wangu," alisema Ozelia.

Alibaki mpaka wa mwisho alipomezwa na giza la handaki. Pai alimwachia dereva wa basi la bendi, akamwagiza ampe yule wa tuba mwenye mabega. Dereva alimkumbusha kwamba wote wa tuba wana mabega. Ozelia alimjibu kwamba basi wagawane.

*

Aliporudi, anga ya mtaa ilikuwa imejaa maputo ya rangi, na watoto walikuwa wakimsimulia kila mpita njia juu ya watu wawili walioruka juu ya ukuta wa uwanja wakiwa na moto wa roketi mgongoni. Hayo tulionyeshwa bure. Wenye ligi hawakupata namna ya kuyafunika. Njiwa kumi na kitu wa maonyesho walikuwa wametua juu ya antena ya Hosea, na Shemasi Pruitt alikuwa akiwafukuza kwa kofia na kuwatajia kwa hasira yule njiwa wa Nuhu, ambaye angalau alijua anakotumwa.

Ndani kulikuwa na shangwe. Hosea alimshika mkewe mabega yote mawili, na macho yake, ambayo hayakuwa na mazoea hayo, yalikuwa mekundu.

"Umemkosa," alisema. "Njiwa wamekuja kuharibu baadaye, lakini tulimwona kwanza. Mstari wa mbele, wa tatu kutoka kushoto. Ameinyanyua tarumbeta juu hivi. Anatembea kama marehemu baba, Ozelia. Goti lile lile."

Wageni walitoa ushuhuda. Mmoja alisema alimtambua kwa kidevu. Dada Wilhelmina alisema yeye ameona chenga. Kisha akakumbuka ni kuku wa nani aliyemla, akasema kwamba katikati ya chenga, naam, palikuwa na kijana mmoja mzuri sana.

Baadaye waliokuwa ndani ya uwanja walitueleza kwamba siku ile zilipiga bendi mbili, na kwamba matarumbeta ya mstari wa mbele, dakika zile antena ilipokubali, yalikuwa ya bendi nyingine, ya vijana weupe kutoka Arizona. Lakini chenga hazikubagua rangi, na katika mambo yote yaliyotendwa na runinga mwaka ule, hilo ndilo lililokaribia haki kuliko yote.

 Ozelia alikusanya sahani. Dada Wilhelmina, kwa kuwa hajui kukaa kimya penye heri, alimsimulia kwamba nusura wasione kitu kabisa: muda mfupi kabla ya bendi, lori kubwa sijui la nani lilinguruma upande wa Menlo, vioo vikatetemeka, ndipo Ndugu Larkin alipoinuka na kufunga dirisha ili waisikie runinga vizuri.

Ozelia aliitazama ile sahani mkononi, akaiweka juu ya nyingine polepole.

Kipindi cha pili kilianzishwa mara mbili, kwa kuwa mpira ulipopigwa mara ya kwanza kituo kimoja cha runinga kilikuwa bado kinatangaza bidhaa, na mabingwa wa ligi mbili wakaamriwa kurudi nyuma na kuanza upya. Green Bay walishinda thelathini na tano kwa kumi. Waliotabiri hivyo walisema walijua; waliotabiri vinginevyo walisema nao walijua.

*

Wageni waliondoka jua likiwa bado linawaka. Hosea aliishusha antena mwenyewe, akaketi kwenye ngazi ya mlango, akawa anazifungua henga moja moja na kumpa mkewe, naye anazirudisha katika umbo lake kwa vidole. Hazikurudi sawasawa. Kila moja ilikuwa na bega moja juu na jingine chini.

"Ukimwandikia," Hosea alisema bila kuinua uso, "mwambie nilimwona."

"Mwandikie wewe."

"Mimi nitaandika nini?"

"Anza kwa kumuuliza siku hizi anapiga chombo gani."

Mkono wa Hosea ulisimama na henga hewani. Alimtazama mkewe, akaitazama ile henga, akalitazama paa.

"Si tarumbeta?"

Ozelia aliendelea kunyoosha waya. Alimweleza kwamba barua iko nyuma ya kopo la sukari, mahali ilipokuwa tangu ile Jumatano.

Hosea aliingia ndani. Alisikika akisogeza kopo, kisha akaisoma barua ile kama asomavyo maelekezo ya mashine, neno kwa neno, asije akakata kidole. Alipofika pale penye madirisha yanayotetemeka alisimama. Ozelia, aliyekuwa uani na henga mapajani, alisikia hatua zake zikivuka sebule.

Alikwenda moja kwa moja mpaka kwenye dirisha alilolifunga mchana, akalifungua.

Upande wa Menlo, mabasi ya bendi yalikuwa yanaondoka.